Tulivyochomelea Kabla Umeme Haujakatika

Enzi zetu pale Kadutu, Bukavu, fundi wa kuchomelea hakufundishwa na chuo, alifundishwa na umeme. Umeme ulikuja unapotaka, na ulipokuja mtaa mzima ulipiga kelele kwa pamoja: "Courant!" Kinyozi alikimbilia mashine yake, muuza maji baridi alikimbilia friji lake, na jirani yetu Papa Dieudonné, fundi wa mageti, aliacha chochote alichokuwa nacho mkononi. Jumapili moja aliacha ubatizo wa mwanawe mwenyewe, padri akabaki ameshika maji. Hakuna aliyemlaumu. Geti la watu lilikuwa limesimama nusunusu tangu mwezi uliopita.

Sisi watoto tulijipanga ukutani kutazama cheche, ingawa tulikatazwa. Mama alikuwa na maneno yake: "Angalia tu ule moto. Ukishakuwa kipofu, mimi sitakushika mukono kukupeleka ku choo." Tuliangalia. Jioni tulilala chali na vipande vya kiazi kibichi machoni, macho yanawasha kama yametiwa mchanga, huku harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa jikoni, ikipita juu ya pua zetu. Vijana wa leo wanakodolea simu mpaka usiku wa manane na hakuna mzazi anayewamenyea hata kiazi kimoja.

Tulikuwa pia na mchezo wetu. Tulikusanya waya na mabua, mmoja alipaza sauti "Courant!", nasi tukaanza kuunganisha geti, kitanda au dirisha mpaka aseme "Imeenda!" Kilichobaki wazi kilibaki wazi. Mimi nilikuwa bingwa. Geti langu halikufunga, lakini lilikuwa la kwanza kusimama, na kwa kipimo cha Kadutu huo ndio ulikuwa ufundi. Nilipokua nikaingia kazini kwa Papa Dieudonné, nikaendelea na mwendo uleule mpaka vita viliponiondoa.

Hapa Brussels nimesukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe mpaka mgongo ukaniambia basi. Ndipo kampuni moja inayotengeneza vyuma vya ngazi ilipokubali kunichukua, kwa sharti kwamba nisome kwanza kuchomelea na nifaulu mtihani. Mke wangu akalitangaza jambo hilo kanisani kwetu, mtaa wa Schaerbeek, kabla sijagusa chuma. Kushindwa kungekuwa kurudi kwenye vitanda, na kila Jumapili kuulizwa habari za kazi mpya.

Wiki ya kwanza hatukuona moto. Tulitazama video ya namna ya kuvaa glavu. Kisha tukavalishwa miwani ya kompyuta, tukachomelea chuma kisichokuwepo, na mashine ikatupa alama. Vijana walipata alama za juu, wakaweka mtandaoni picha zao wamevaa helmeti, jamaa zao wakawapongeza kwa ufundi. Mimi mashine iliniambia nianze upya. Nilicheka moyoni, nikangoja chuma cha kweli.

Chuma kikaja. Mwalimu wetu Solange, binti wa watu wa Uvira aliyezaliwa hapahapa Schaerbeek, alimpa kila mmoja vipande viwili aviunganishe kwa majaribio. Nilimaliza wakati vijana bado wanarekebisha viti vyao. Kwa juu paling'aa. Solange akakiweka chuma changu kwenye mashine ya kukunja, inayopima kama mshono umeshika, kikafunguka kama mdomo wa samaki, na ndani yake matundu matupu.

"Tonton, unakimbia nini?" aliniuliza, akiniita mjomba kwa Kifaransa. "Iko nani anakufata?"

"Ni vile tulijifunza," nikamwambia. "Unamaliza mbele courant iende."

Alinitazama kwa huruma. "Mais tonton, hapa courant haikatikake. Bon, examen ni vendredi. Fanya pole pole."

Ni rahisi kusema. Siku zilizofuata, kila nilipowasha moto, masikio yangu yalingoja mtu wa kupiga kelele kuwa umeondoka, na mkono ukaanza mbio zake. Mwishowe nikawa naimba kimoyomoyo nyimbo za kutolea sadaka, zile ndefu ambazo mwanakwaya anarudia mpaka kikapu kimfikie mtu wa mwisho. Ijumaa ya mtihani niliimba beti zote. Vijana walikuwa wameshamaliza na kuvua helmeti, wananitazama kama babu anayevuka barabara. Jasho lilinitoka, maana niliijua Jumapili itakayonipata nikishindwa.

Mashine ikakikunja chuma mpaka ncha zake zikakaribia kukutana. Hakikufunguka. Solange akapitisha kidole juu ya mshono. "Bon, tonton. Lundi unaenda ku kazi." Jumatatu! Nilivaa tena helmeti nikalia kidogo humo ndani, kwa furaha.

Nilipoivua, alikuwa amekitupa kile chuma kwenye pipa la vyuma chakavu pamoja na vya wenzangu. Nikamwomba nikipeleke nyumbani. Akasema haiwezekani, ni règlement, kanuni yao. Enzi zetu hata kazi mbaya kuliko zote ilipata ua wa kulinda. Mageti yetu yaliyopinda yaliwachungia watu mbuzi na mabinti, watoto walibembea juu yake, na alfajiri yalilia mtaa mzima ukajua nani ametoka. Hapa nimeunganisha chuma vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na hakuna mtu atakayekifungua asubuhi akienda kazini.