Jogoo wa Mama Wakesho na Kitabu Kilichovutwa Mwisho

Enzi zetu viatu havikuwa vya kutembelea. Vilikuwa vya kufikia. Baba akishuka kutoka Bura kwenda Voi alivining'iniza shingoni, kamba zimefungwa pamoja, miguu ikipiga mawe njia nzima. Akiukaribia mji ndipo anatafuta maji, ananawa, anavivaa, anaingia kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Mama alikuwa akisema, "Mguu ukikwaruzwa utapona. Kiatu kikikwaruzwa nani atakiuguza?" Siku hizi naona vijana na viatu vinavyowaka taa, wanaenda navyo hadi chooni. Haya, hiyo si habari yangu leo.

Maji hayo ya kunawia yalivuja kutoka tangi la reli, lile la kunyweshea garimoshi. Nimelitaja kwa sababu baba alipopata kazi ya kutia makaa tulihamia landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, na chini ya tangi lile ndipo sisi watoto tuliposomewa kitabu. Nasema tuliposomewa. Mimi na shule tulionana mpaka darasa la pili, tukaachana kwa amani. Msomaji alikuwa Mghoi, binti wa jirani, aliyesoma kwa wamisheni huko Bura na kurudi nyumbani likizo. Kitabu kilikuwa cha Kizungu, yeye akitugeuzia kwa Kiswahili na Kidawida, na nadhani nusu aliitunga mwenyewe.

Kilikuwa habari ya msichana mdogo, si polisi, si nani, ana baiskeli na macho tu. Mkufu wa bibi kizee umepotea, na yeye anazunguka kijijini akiuliza watu. Hakuna damu, hakuna bunduki. Watu wanaibiwa, halafu wanakaa wanakunywa chai na keki. Hapo ndipo tulipopenda. Kwetu ukiibiwa unapiga yowe. Wale waliteleka birika.

Shida ilikuwa moja, kitabu hakikuwa na mwisho. Mghoi alisoma hadi pale msichana anapowakusanya watu wote sebuleni ili amtaje mwizi, na hapo karatasi zimekatika. Alizivuta Barasa. Barasa alikuwa mfagiaji wa mabehewa, mtu wa magharibi ya nchi, rafiki wa baba wa kugawana tumbaku. Ndiye aliyekiokota kitabu chini ya kiti, akaviringishia sigara zile kurasa za mwisho, jalada akalikata akalitia ndani ya kiatu kuziba tundu la soli, kisha kilichobaki akampa Mghoi kwa ukarimu. Lakini aliapa kwamba alizisoma kabla ya kuzivuta.

"Mwizi namjua," alituambia. "Nitawaambia siku mtakayoacha kunisumbua."

Basi kila siku tulimfuata kumuuliza kama tumeshaacha.

Ndipo jogoo wa Mama Wakesho akapotea. Mama huyu alikuwa jirani yetu, na jogoo yule, mwekundu, mkubwa, alikuwa amewekewa wageni waliokuwa wanakuja kumposa binti yake. Aliwika saa yoyote aliyotaka, hasa adhuhuri. Landhi nzima ikamgeukia Barasa. Watu wa kwao, mwajua wanavyotaniwa, kwamba hawawezi kumpita kuku. Na kwenye kofia yake alichomeka unyoya mwekundu. Kila mtu alijua ni wa kujikunia sikio, tena wa tangu zamani, lakini siku hiyo kila mtu alisahau. Mnyapara akasema jogoo asipoonekana kufikia Jumamosi, Barasa ahame.

Sisi watoto tulilia, na si kwa huruma peke yake. Barasa akienda, mwizi wa mkufu naye ameenda.

Mghoi akasema atafanya kama kitabuni. Alizunguka mlango kwa mlango akiuliza nani alikuwa wapi, na kila alikoingia aliomba chai, maana ndivyo kazi ile inavyofanywa. Kwa Mama Wakesho alipewa ufagio. Jumamosi akawakusanya wote chini ya tangi, mnyapara na wazee na kina mama, akapanda juu ya jiwe, akawatazama mmoja mmoja. Kimya. Akaendelea kuwatazama. Hapo nikaelewa: Mghoi hakujua kinachofuata. Hakuwahi kukisoma.

Wakubwa hawakulijua hilo. Waliona mtoto msomi amenyamaza, wakafikiri anajua. Tangi likidondosha maji, to, to. Mnyapara akakohoa. Baba yangu, ambaye siku zile alikuwa zamu ya usiku, macho mekundu kama makaa yake, akaanza kutokwa jasho.

"Mghoi mwanangu, usinitazame hivyo," akasema. "Yuko Taveta."

Mama alikaa chini palepale. Baba akaeleza kwamba yeye hulala mchana, na jogoo alichagua dirisha lake, kwa hiyo alimtia kikapuni akampa gadi wa garimoshi la Taveta ampelekee shangazi. Si kumla, ni kumpeleka akawike kwa wenye nguvu. Alidhani maneno yatapoa. Watu walicheka mpaka mnyapara akashika nguzo ya tangi. Mama Wakesho akaamuru jogoo arudishwe, na kuku mwingine achinjwe siku hiyohiyo, firigisi apewe Barasa.

Barasa hakucheka. Alichomoa ule unyoya kofiani, akamkabidhi baba.

"Jana ulinisaidia kufunga sanduku la kuhama," akamwambia.

Juzi mjukuu wangu alinihurumia. Akasema, babu, taja jina la kitabu, simu itakwambia mwizi sasa hivi. Hawa watoto wanakula hadithi kuanzia mkiani, wala hawajui utamu wa kulala na swali. Nikamwambia jina lilikuwa kwenye jalada. Na jalada mara ya mwisho lilipita mbele yangu siku ile, ndani ya kiatu cha Barasa, likilia kwa kila hatua, yeye na sanduku lake wakilielekea garimoshi la mizigo la kwenda Nairobi. Baba alimkimbilia, viatu mkononi kwa mazoea, visichakae, akimwita jina. Barasa hakugeuka. Alipanda, na Voi hakurudi tena.