Kitenge cha Mama Zaina

Niliacha shule mapema, nikajifundisha kuchora kwenye tableti, na hapa Kindu katuni zangu za watu wazima hupita kwa siri simu hadi simu. Mwanamke wa katuni hizo ana sura moja tu: ya marehemu Mama Zaina, jirani aliyenificha uvunguni wakati wa vita.

Wiki jana mume wake, Papa Salehe, alikuja na binti yao Zaina. Picha zao zote ziliungua na nyumba, kwa hiyo alitaka nimchoree mkewe kwa ajili ya hitima. Kwa uvivu wangu nikachukua mchoro wa katuni, nikauvika kitenge juu, nikawaonyesha kwenye tableti.

"Njo yeye, ni yeye kabisa!" mzee akalia. "Mwanangu, uliwezaje kumukumbuka hivi?"

Nikajivuna, mpumbavu mimi.

"Lakini kitenge chake kilikuwa cha kijani."

"Hiyo ni rahisi, papa. Zaina, gusa hapo kwenye kitenge, uchague rangi."

Zaina akagusa pembeni kidogo, kwenye kitufe cha kuficha. Kitenge kikatoweka chote, mama yake akabaki uchi kama wateja wangu wanavyompenda.

"Papa, usiangalie," akasema.

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuvaa miwani.