Kichaka cha Harufu ya Lozi

Oktoba ile nilikuwa na likizo ya wiki moja kutoka hospitalini, nikaitumia kung'oa kichaka. Kila asubuhi ukungu ulishuka juu ya bustani za nyuma za mtaa wetu wa Kingsbury, Uingereza, ukakawia hadi karibu saa sita, na ndani yake hata treni zilisikika kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

Kichaka chenyewe Waingereza hukiita loreli. Majani yake ni mazito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na hayapukutiki mwaka mzima. Kilikuwa kwenye mpaka wangu na jirani, kirefu kuliko watu wawili waliobebana, na kilikuwa kimemeza uzio wa mbao usijue ulianzia wapi. Ndege walikula matunda yake, na kila masika miche mipya ilichipuka pembe zote za bustani. Chini yake hapakuota hata nyasi. Muuguzi mwenzangu anayependa bustani aliniambia mmea huo si wa kisiwa hiki, kwamba hutoroka majumbani na kwenda kusonga misitu, na kwamba ningoje majira haya, ndege wakishamaliza kulea makinda na udongo umelainika.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, mjane. Kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana kwa kuinuliana mkono tu, kila mmoja akitoa pipa lake la taka. Nilimwarifu kwa Kiingereza kwamba nitakata, akasema sawa, akafunga mlango.

Siku mbili za kwanza nilikata matawi kwa msumeno, na uzio uliooza ndani yake ukaanguka nayo. Majani yale yakikatwa hutoa harufu ya lozi, tamu, nzito, na mwenzangu alikuwa amenionya nisiivute kwa muda mrefu. Nilipumzika mara kwa mara kwenye ngazi ya mlango, nikihisi kizunguzungu kidogo, nikitazama majani ya manjano ya miti ya barabarani yakielea bila haraka. Wakati mwingine nilisahau nilikuwa nchi gani.

Siku ya tatu kilibaki kisiki. Nilikivuta kwa kamba hadi viganja vikaungua, kikakataa. Nikakisemesha kwa Kiswahili, kama mtu anayebembeleza ng'ombe: "Toka basi. Umekaa vya kutosha."

Sauti ikatoka ng'ambo ya pili. "Hapana vuta hivyo. Kata mizizi ya kando kwanza."

Nilidhani ni ile harufu. Nilipoinua macho nikamwona yule mama amesimama penye mwanya ulioachwa na kichaka, sweta juu ya sari, miguuni viatu vya mpira, naye ananitazama kwa mshangao kama wangu.

Kumbe alizaliwa Kisumu. Wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa, wakahamia huku alipokuwa na miaka sita. Akaja kuolewa na mtu wa Mombasa, na ndani ya nyumba wakazungumza Kiswahili kila walipokuwa na jambo ambalo watoto hawakupaswa kulisikia. Tangu mumewe afariki hakuwa amepata wa kuzungumza naye. Alinieleza hayo polepole, akisimama katikati ya sentensi kutafuta maneno, huku akinionyesha kwa ncha ya kiatu mahali pa kupiga shoka.

Tulipomaliza mizizi ya kando alishika kamba nyuma yangu. Nilimkataza, akajifanya hakusikia. Tukavuta, kisiki kikaachia ghafla, tukaanguka chali sote wawili juu ya majani makavu. Nikageuka haraka na kumshika kifundo cha mkono kupima mapigo ya moyo. Yalikuwa sawa. Alikuwa ametulia tu, akitazama ukungu.

"Binti," akasema, "wewe natoka upande gani Kenya?"

Nikamwambia Siaya, si mbali na Kisumu.

Kisha akanieleza kuhusu yaya wake, mama Mjaluo aliyembeba mgongoni akizunguka ua kila alasiri. Uso wake alikuwa ameusahau, lakini neno moja lilibaki. Maisha yake yote aliamini ni jina la utani ambalo yaya alimpa, na hakuwahi kumwambia mtu, maana lilikuwa lake.

"Yeye naita mimi Nindi," akasema. "Nindi, Nindi. Maana yake nini?"

Sikutaka kumnyang'anya jina. Lakini alikuwa ameuliza, na bado nilikuwa nimemshika mkono.

"Kwa Kijaluo maana yake lala, mama. Alikuwa akikubembeleza ulale."

Alifumba macho. Niliona midomo yake ikilijaribu upya neno lile, bila sauti. Kisha akacheka kidogo, na machozi yakatelemka pembeni hadi masikioni, wala hakuyafuta. Sijui tulilala pale kwa muda gani. Baridi ya udongo ilipita kwenye koti langu, na sikuona sababu ya kuinuka.

Hatimaye nilimsaidia kusimama, tukapita penye mwanya hadi jikoni kwake, akapika chai ya tangawizi na kuniuliza habari za Kisumu mtaa kwa mtaa. Mingi sikuijua.

Uzio hatujaurudisha. Pale palipokuwa na kisiki yeye anataka kupanda waridi, mimi nataka sukuma wiki, na mpaka leo hatujakubaliana.