Kipande cha Nyama Ndani ya Pakiti Safi

Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza. Utamalizia baadaye.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilichana pakiti ya vifaa iliyoandikwa SAFI kwa wino mweusi. Ndani kulikuwa na koleo la kung'olea meno.

Na pale kwenye kiungo cha koleo, mikono yake miwili inapopishana, kulikuwa na kipande cha nyama.

Nyama ya mtu.

Kidogo tu, kama punje ya mchele. Mashine ya mvuke ilikuwa imekipika. Nje kimekuwa kijivu kama nyama ya supu, ndani kingali chekundu.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimefanya kazi bucha miaka thelathini, soko la Kimironko, Kigali. Nimepasua vichwa vya ng'ombe. Nimegeuza matumbo nje ndani kwa mikono mitupu, kisha nikaenda kula chakula cha mchana nikashiba.

Lakini hiki kipunje kilinifanya nimeze mate mara tatu ili chai isirudi ilikotoka.

Na kwenye kiti alikuwepo mama mmoja kutoka Gahanga. Kashachomwa ganzi. Kinywa wazi, macho kafumba, mikono kaikunja juu ya tumbo kama mtu anayesali. Koleo lile lilikuwa liingie humo.

Nikasema moyoni: leo kuna mtu anafukuzwa hapa.

Ngoja nijitambulishe ndipo tuendelee.

Naitwa Cassien Ntakirutimana, umri miaka sitini na tatu. Ni Mnyarwanda, ila nimekulia Buyenzi, Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili hiki nimekinyonya, sikukiazima. Utotoni niliishia darasa la sita. Nikiwa na miaka arobaini na tano nilijiandikisha shule ya jioni, nikakaa dawati moja na vijana wa umri wa wanangu, nikamaliza sekondari. Cheti kimetundikwa sebuleni, mkabala na mlango. Ukiingia kwangu utakiona kabla hujaniona mimi.

Tangu hapo sijaacha kusoma. Kompyuta nimesoma. Kiingereza nimesoma. Hata karatasi ya kufungia nyama ukinipa, nitaisoma.

Sasa mpwa wangu Alida ni daktari wa meno. Alikuwa anajiandaa kufungua kliniki yake mwenyewe, Kagugu. Siku moja akaniambia:

"Mjomba, nitahitaji msaidizi mmoja tu wa kuanza naye. Kasomee. Ukileta cheti mwezi wa nane, nafasi ni yako."

Mimi? Koti jeupe? Jina kifuani?

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kujiandikisha kozi ya wasaidizi wa daktari wa meno.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Kila jino lina namba yake, na mimi namba nazipenda. Nilikuwa nazikariri nikinyoa ndevu. Wenzangu wakihangaika, mimi nishamaliza, nimeweka kalamu chini, nimekunja mikono.

Kisha tukapelekwa kliniki kwa vitendo, wiki nane. Mwalimu wetu Winifred ndiye angetia saini mwishoni. Bila saini yake hakuna cheti, na bila cheti Kagugu hakuna nafasi.

Hapo ndipo nilipojua binadamu ni mnyama mchafu.

Kuna mpira unaonyonya mate wakati daktari anafanya kazi. Kila kinachonyonywa kinaingia kwenye chupa. Na ile chupa, msaidizi ndiye anaimwaga. Mate, damu, usaha, maharage ya jana, vyote vinaogelea humo, vinavutana kama kamasi la mtoto wa mafua.

Kuna bwana mmoja, Rwema, aliyefungua kinywa nikarudi hatua mbili. Gego lake limeoza hadi shina. Harufu yake ni ile ya ndoo ya utumbo iliyosahauliwa juani siku ya sikukuu.

Na wapo wanaopitia mishikaki ndipo waje kung'olewa jino. Unavuta shavu, unakuta kitunguu kinakusubiri.

Nililalamika kila siku. Kijana mmoja wa darasa letu, Armel, akawa ananicheka.

"Muzee, si wewe ulikuwa unashika utumbo?"

"Utumbo wa mbuzi," nikamjibu, "haukusalimii asubuhi ukakupulizia usoni."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwenye chumba cha kuoshea vifaa nilipangwa na binti anaitwa Joselyne, umri ishirini na mbili, naye kakulia Burundi. Mkimya. Ukimwambia neno anakuitikia "Ndiyo, muzee," basi, ameisha. Kila mmoja wetu alikuwa na sehemu yake ya vifaa: unaosha, unafunga kwenye pakiti, unaandika namba ya pakiti na jina lako kwenye daftari, kisha vyote vinaingia mashine ya mvuke.

Huyu binti simpendi, nikajisemea. Kazi ninayomaliza saa moja, yeye hadi jioni bado yumo. Sote tunaondoka, yeye kabaki na brashi. Mvivu.

Rudi sasa Jumanne.

"Nani kaosha hiki?" nikapaza sauti.

Mwalimu Winifred akaja. Ni mwanamke mfupi, kakulia Kampala, anaongea taratibu kama anahesabu maneno. Akaangalia koleo. Akalifunika na kitambaa.

"Mama," akamwambia yule mgonjwa, "hiki kifaa hakifai. Tunakiondoa. Nisubiri kidogo."

Akaleta pakiti nyingine, akaikagua mwenyewe chini ya taa, jino likang'olewa salama. Mama wa Gahanga akaondoka na pamba mdomoni, hajui alichoponea.

Kisha Winifred akatuita wanafunzi wote chumba cha kuoshea, akafunga mlango.

Mimi nikatangulia kusema. Mtu mzima hasubiri.

"Mwalimu, mimi sipendi kumtaja mtu. Lakini hiki chumba tunaosha wawili. Mimi nimeshika chuma tangu huyu mtoto hajazaliwa. Na jana huyu kaondoka saa sita, kaenda mazishi, kazi kaifanya mbio mbio. Huo ni uchafu. Mtu wa hivyo hafai kugusa kinywa cha mwenzake."

Joselyne akainamisha kichwa.

"Anaona aibu," nikaongeza. "Nataka daftari lisomwe. Kwa sauti."

"Muzee Cassien," Winifred akasema, "una uhakika?"

"Mia kwa mia."

Akalitazama daftari. Akanitazama. Akanipa mkononi.

"Basi soma wewe."

Nikavaa miwani. Nikakohoa kidogo, kama nilivyokuwa nafanya shule ya jioni nikiitwa kusoma mbele. Nikaitafuta namba ya pakiti.

Nikaiona.

Mbele yake kulikuwa na mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja, N ina mkia uliopindwa kwa madaha.

Huo mwandiko naujua. Niliusomea.

"Soma, muzee," akasema Armel.

Nikavua miwani.

Winifred akachukua pakiti nyingine tatu za jana, zilizo chini ya jina langu daftarini, akazichana mbele yetu. Makoleo yote matatu yamefungwa, midomo imebana.

"Kwa nini umeyafunga?"

"Mwalimu, chuma hakilali wazi. Buchani hiyo ndiyo sheria. Ukiacha kitu wazi, mtu atakatwa."

"Koleo likifungwa, mvuke unaingia wapi kwenye kiungo? Na brashi uliipitisha wapi?"

Nikakumbuka somo lile. Nilikuwepo. Niliandika kila neno: fungua, sugua kiungo, funga pakiti koleo likiwa wazi. Niliandika, kisha nikajiambia haya ni ya watoto wasiojua chuma. Mimi najua.

Lakini bado kuna kitu hakikuingia akilini.

"Mwalimu, nafunga hivi wiki ya sita sasa! Mbona uchafu umeonekana leo tu?"

Armel akamtazama Joselyne. Mwalimu akamtazama Joselyne. Binti akaanza kulia, machozi yanashuka bila sauti.

"Kila jioni mulipoondoka," akasema, "nilikuwa nafungua pakiti za muzee. Nasugua upya, nabadilisha karatasi, naandika namba ile ile, narudisha kwa mashine. Zote. Jana niliwahi mazishi, sikuzipitia."

Kumbe.

Nilikaa kwenye ndoo. Kiti hakikuwepo.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Muzee, wewe uko na umri wa baba yangu. Nitaanzia wapi kukwambia haujui kuosha?"

Winifred hakumwonea huruma hata yeye. "Na wewe una kosa," akamwambia. "Umeogopa kumwaibisha mzee mmoja, ukamweka hatarini mama wa watu. Hiyo si heshima. Hiyo ni hofu imevaa nguo nzuri."

Kisha akanigeukia. "Muzee, saini yangu huipati mwezi huu. Somo la usafi utalirudia lote, pamoja na kundi linaloanza mwezi wa tisa."

Mwezi wa tisa. Kliniki ya Alida ilikuwa inafunguliwa wa nane.

Ningeweza kubisha. Ninajua kubisha. Lakini bado kile kipunje kilikuwa mbele ya macho yangu, kijivu nje, chekundu ndani, na sasa kilikuwa na jina langu.

Kiburi changu kikajikusanya mara ya mwisho. Nikasimama.

"Sawa. Kama kuna lingine mmenificha, semeni leo. Lote. Nimesharuhusu."

Wakatazamana. Armel akakohoa. Joselyne akaangalia viatu vyake.

"Semeni!"

"Muzee..." Joselyne akasema, "na kinywa."

"Kinywa kina nini?"

"Kinanuka."

"Sana, muzee," Armel akadakia. "Utusamehe. Wagonjwa wengine tungewapa ganzi ya pua kwa ajili yako."

Nilitoka nje. Nikampigia simu Alida. Nikamweleza yote, pakiti, daftari, saini. Kisha nikamuuliza.

"Alida, na hili la kinywa, ulilijua?"

"Tangu harusi yangu, mjomba."

Harusi yake ina miaka minne.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Alida! Wewe ni daktari wa meno!"

"Wewe ni mjomba wangu."

Nilikuwa nimepita Kigali nzima nikiziba pua kwa sababu ya vinywa vya watu, na watu walikuwa wanashikilia pumzi ili wanisalimie.

Nilimwambia neno moja tu kabla ya kukata. "Ile nafasi mpe binti anaitwa Joselyne. Mtu anayesugua asichochafua, tena bila kuambiwa, hutampata mwingine. Ila mfundishe kusema."

Mwezi wa nane kliniki ilifunguliwa Kagugu. Mgonjwa wa kwanza kupanda kiti alikuwa mimi.

Alida akainama na kifaa chake. Joselyne, koti jeupe, jina kifuani, kashika mpira wa mate. Wakaanza kukwangua.

Krrr. Krrr.

Kitu kikaachia nyuma ya meno ya chini. Alida akakitoa, akakiweka juu ya pamba. Ukoga wa miaka, mgumu kama jiwe, mkubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho. Rangi ya kahawa upande mmoja, mweusi upande wa pili, na damu mbichi pembeni.

Harufu ikapanda. Harufu ile ninaijua, nimeisema vibaya wiki sita.

Nikageuza uso. "Katupe," nikasema, kwa kinywa kilichojaa damu na maji.

Joselyne hakwenda.

"Hapana, muzee," akasema. Akaleta ile pamba karibu na macho yangu. "Angalia kwanza."

Maisha yangu yote hakuna mtoto aliyewahi kuniambia hapana. Nikaangalia. Nikaangalia hadi nikaridhika kwamba ni changu.

Cheti nilikipata mwezi wa kumi. Sasa nafanya kazi kwingine, na makoleo yangu yanalala wazi.

Nawaachia hili, hasa ninyi wazee wenzangu mliosoma kwa jasho. Ukiona mwaka umepita hakuna aliyekukosoa, usijipongeze kwamba umekamilika.

Weka kiganja mbele ya kinywa, pumua.

Kisha nusa.