Mtoto alizaliwa na uvimbe, nikasema ni jipu nikatoa wembe. Mama mkwe akavunja mila

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imenikuta mwenyewe hapa Nyakunguru. Sijaongeza chumvi, maana hakuna mtu anajitungia ujinga wa hivi.

Wife, Bhoke, alijifungulia nyumbani, uchungu ulifika kabla ya bodaboda. Mtoto wa kike, sauti kama filimbi ya refa.

Mama yake Bhoke akaja kutoka Morotonga kumuogesha mtoto. Msio Wakurya mjue, mimi na mama mkwe hatukai karibu, hatutazamani usoni. Akiingia ndani, mimi zizini. Akiwa na ujumbe kwangu anamwambia kuku, mimi nasikia.

Siku moja nikamsikia: "We kuku, mwambie mwenye mji mtoto ana kinundu juu ya matako, na kinakua."

Alipotoka kuteka maji nikaingia. Kweli, kitu laini, kama yai, pale uti wa mgongo unapoishia.

Shule niliacha form two, ila kwa ndama mimi ni profesa. Majipu yao nimetoboa sana.

"Hili jipu. Chemsha maji," nikamwambia Bhoke. Wembe mpya kabisa, nikajiona mtaalam.

Nimeinama, mlangoni pakawa giza. Mama mkwe. Akanitazama usoni, akanishika mkono wenye wembe.

"Daktari wa ng'ombe, weka chini."

"Mama, mila..."

"Leo sina mkwe. Nina mjukuu."

Nikaweka.

Hospitali wakapiga ultrasound, wakachukua damu, tukapewa rufaa ya Mwanza. Kumbe inaitwa teratoma, uvimbe adimu, mtoto anazaliwa nao, na umejaa mishipa ya damu.

Nikauliza kimtegomtego, mtu akiutoboa je?

"Mtoto anaweza kuishiwa damu," daktari akasema. "Nani alitaka kutoboa?"

Nikatazama viatu. Mama mkwe akajibu, "Tuna fundi mmoja huko kijijini. Tumemstaafisha."

Huko Mwanza wakaukata uvimbe pamoja na kifupa cha mwisho wa mgongo, ukaenda maabara. Kusubiri majibu, wakuu, hata utani ulikauka.

Si kansa. Ila tunarudi kupima, maana huwa unaweza kuota tena.

Kichanga akiwa na uvimbe mgongoni, usikande, usitoboe, mpeleke hospitali hata kama anacheka.

Sasa wazee wanadai mbuzi wa kutusafisha, mimi na mama mkwe, kwa kushikana mikono. Natoa wawili.

Wenye wakwe, nyie mngefanyaje? Matusi pia napokea, ila yawe ya chinichini, mtoto amenilalia kifuani.