Nimeuza Kakao ya Ada ya Mwanangu, na Baba Mkwe Sina Ruhusa ya Kumsemesha

Admin, naomba jina langu lifichwe kabisa, maana huku kwetu upande wa Ipinda tunajuana mpaka kuku. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, niliishia darasa la nne, nina watoto watatu. Nikikosea kuandika mnivumilie, naandika moyo unanienda mbio.

Mume wangu yuko machimboni Chunya, akipata anatuma, asipopata tunakaa hivyo hivyo. Mimi na watoto tunaishi uwanja mmoja na baba mkwe, mama mkwe alishafariki. Kwa wasiojua, sisi Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, wala hamsemeshi. Akitokea njiani mimi napinda kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, ila baba mkwe wangu ni mtu wa zamani. Akiwa na neno kwangu anamtuma mjukuu wake mkubwa, nimwite Subira. Subira akiwa shule, mzee anaongea na mbuzi wake kwa sauti ili mimi nisikie huko jikoni. "Wewe mbuzi, mvua hiyo inakuja na kuna mtu hajaanua mpunga wake." Mimi natoka mbio naanua. Watu wanatucheka, lakini miaka kumi na minane tumeishi hivyo na hajanivunjia heshima hata siku moja.

Subira alipofaulu kwenda sekondari ya bweni, mzee alimwambia yule mbuzi, "Ile miti sitini ya kakao kule bondeni, kuanzia leo ni daftari na chakula cha mwanafunzi wangu. Asiiguse mtu." Nililia kwa furaha nikiwa nimeshika sufuria.

Sasa kosa langu ni hili. Mwaka huu nilikopa laki mbili kwenye kikoba chetu cha akina mama nikakodi shamba la mpunga, nikijua nikivuna nalipa na akiba inabaki. Mume hakujua. Mvua zikazidi, mto ukafurika, mpunga wote ukazama. Nikawa sina hata ya chumvi, umeme nanunua wa elfu mbili, kodi ya jengo inakatwa humo humo, kinachobaki hakimalizi siku tatu. Siku ya kuvunja kikoba, kila mtu agawiwe chake, ikafika, mwenyekiti akaja na wenzake watano wakajipanga barazani kwangu. Niliwapa uji. Mwenyekiti akasema, "Ndaga, asante mama Subira, uji mtamu. Lakini hatukuja kunywa uji, na sisi tuna watoto. Tuoneshe kabati liko wapi tulibebe." Baba mkwe alikuwa pale uwanjani anafunga mbuzi, anasikia kila neno. Ile aibu ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze.

Nikatoka na mvua ile ile nikaenda kwa mnunuzi wa njula. Njula ni hivi, unapewa hela kipindi cha mvua wakati huna kitu, unakuja kulipa kwa kakao ikiiva, kwa bei anayotaka yeye. Alinipa laki mbili nikalipa kikoba, nikasaini kumpa kilo hamsini zilizokauka. Nilijidanganya kwamba miti itazaa sana, nitampa zake na za ada zitabaki. Kumbe kilo hamsini ndiyo karibu kakao yote, na wanaopeleka mnadani mwaka huu wanapata mara nne ya hela niliyopewa.

Wiki iliyopita nikamfuata nimbembeleze nimrudishie taratibu kwa fedha. Akacheka. "Mama Subira, kwani mimi nilikufuata kwako? Si wewe ulikuja hapa kanga imelowa, unatetemeka kama kifaranga? Leo bei imepanda ndiyo unakumbuka kurudisha hela."

Nikamwambia, "Kaka yangu, ni ada ya mtoto ile."

"Basi niletee laki nane. Huna, Jumamosi nakuja na watu wangu tunakata matunda wenyewe."

Na bondeni baba mkwe yupo. Tangu matunda yaanze kuwa ya njano, anaenda kila asubuhi na panga lake kuzuia wezi, mzee wa watu, magoti yenyewe mabovu. Kwa mtendaji naogopa, njula imekatazwa, naweza kushikwa na mimi. Nilimpigia mume wangu, hata sijafika mbali akaniambia, "Usiniambie umegusa miti ya baba. Kama umeigusa usinipigie mimi, wapigie ndugu zako waje wakuchukue." Nikasema hapana, nilikuwa nakusalimia tu. Jirani yangu ananishawishi nikachukue mkopo wa kausha damu, laki nane nirudishe milioni moja na laki mbili kwa miezi miwili, na nisaini vitu vyote vya ndani.

Ningemtuma mtu kwa mzee, lakini wa kutumwa ni Subira, na ada iliyouzwa ni yake. Namtumaje mtoto akaseme kwa mdomo wake kwamba mama yake amemuuzia masomo?

Jana jioni nilikuwa nasonga ugali, nikamsikia mzee nyuma ya jiko. "Wewe mbuzi, Ijumaa mwanafunzi wangu anafunga shule. Mwambie mama yake asiharakishe kupika, tutakuwa shamba. Tunda la kwanza nataka alikate yeye." Halafu akasimama pale pale, kama anasubiri mbuzi ajibu. Ugali uliungua.

Leo ni Jumatano. Nikachukue kausha damu ninyamaze? Nimtwishe mwanangu maneno haya? Au niende mwenyewe mpaka bondeni nisimame mbele ya baba mkwe nifungue mdomo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe? Mama zangu, dada zangu, hasa mlioolewa huku, niambieni nifanye lipi. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.