Inazidi Kuzorota

Kila redio inaposema uchumi umezorota, nasikia harufu ya kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, ukikauka juu ya bati la moto. Harufu hiyo ni ya Mama Achol, jirani yetu wa Kakuma aliyetoka Sudan Kusini.

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa karani wa serikali, tulikuwa tumehamia kutoka Kitale, na Kiswahili changu nilikivaa kama sare mpya. Wiki hiyo mwalimu alitufundisha neno "zorota": kupungua nguvu, kuharibika polepole. Huzorota afya, urafiki, biashara. Mtu mwenyewe, alituonya, hazoroti. Nilipata vema zote, nikawa natafuta pa kulitumia.

Jumamosi Mama Achol, ambaye hakujua kusoma, alinipa simu yake nimwandikie Deng, ndugu yake aliyekuwa akipakia mizigo Lodwar, kwani salio halikutosha kupiga.

"Andika mama yetu iko mgonjwa sana. Kuja haraka."

"Mama Achol, hicho si Kiswahili sanifu."

Alicheka. "Haya mwalimu, weka ile ya shule."

Niliandika: *Afya ya mama inazidi kuzorota.* Ilinipendeza hata sikuona haja ya kuongeza lile la kuja haraka.

Jibu likaja: *Asante Mungu afya inazidi. Takuja mwisho ya mwezi.*

Nilielewa palepale. Deng alishika neno alilolijua, akaliruka langu.

"Anasema nini?" Mama Achol aliuliza, akipangusa unga mikononi.

"Anasema atakuja," nikajibu, nikamrudishia simu.

Mama yao alifariki kabla ya wiki kuisha. Jirani alimpigia Deng, lakini kwa joto la Kakuma maiti haingoji mtu; alikuta kaburi. Alikuwa amebeba blanketi la mgonjwa, bado limo kwenye nailoni.

Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, zorota ni nini?"

Nikamweleza. Akatazama lile blanketi. "Mimi nilishika inazidi."

"Wacha mtoto," Mama Achol alisema, akaniwekea kisra. Nikala.

Kwa miaka mingi nilijiambia kosa lilikuwa ugumu wa neno. Sivyo. Neno lilikuwa sahihi, na mwalimu angeliwekea vema. Kilichomchelewesha Deng ni jibu nililolisoma nusu, kwa kuogopa kuchekwa. Mama Achol hunipigia simu kila Krismasi, bado ananiita mwalimu, na hilo halijui.